Kila waziri na mtaala wake, kila mtoto na sifuri yake

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha hesabu na fizikia sekondari kwa miaka 37, alialikwa kuzungumza na wazazi wa kata yake juu ya mabadiliko ya mitaala. Tunayachapa mazungumzo yake karibu yote, kwani yanamhusu kila mwenye mtoto shuleni.



Juma lililopita mzazi mmoja alinifuata nyumbani. Akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu kapangiwa shule ya mkondo wa amali, mtoto wa jirani kapangiwa mkondo wa jumla. Yupi kapata na yupi kakosa?" Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aje leo, na namwona pale kakaa. Nitamjibu kabla sijashuka hapa. Lakini kwanza lazima nimrudishe nyuma, kwa sababu huu unaoitwa mtaala mpya si mpya wa kwanza. Mimi nimeishi ndani ya mitaala mipya tangu nikiwa na miaka 15. Nimeusoma mmoja, nimefundisha mingine, na nimezika miwili.

Nianze kwa kusema kwamba sipingi mabadiliko. Anayetaka mtaala usiguswe hajui elimu ni nini. Sisi tulisoma kwa kitabu cha logi. Ukitaka kuzidisha 3.47 kwa 28.6 unafungua jedwali, unatafuta logi ya namba ya kwanza, unatafuta ya pili, unajumlisha, kisha unarudi kwenye jedwali kutafuta jibu. Leo simu ya kitochi inamaliza kazi hiyo kabla hujapiga chafya. Tulifundishwa kwamba sayari ni tisa, na mimi nikawafundisha watoto wenu hivyo hivyo. Mwaka 2006 wataalamu wa nyota wa dunia wakaitoa Pluto, zikabaki nane. Elimu inatembea, na mtaala lazima utembee nayo.

Swali langu ni jingine. Nani anayeamua utembee? Anamuuliza nani? Anamwandaa nani? Na ukianguka njiani, nani anayelipa?

Sikilizeni historia.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia. Wamarekani walishtuka. Wakajiuliza: wenzetu wametupitaje? Wakasema kosa liko mashuleni. Mwaka 1958 Bunge lao likapitisha sheria ya kumwaga fedha kwenye hesabu, sayansi na lugha za kigeni, na mwaka huo huo maprofesa wakaanza kuandika vitabu vya kile kilichokuja kuitwa hesabu mpya. Wazo lenyewe halikuwa baya. Walisema mtoto asikariri tu kujumlisha na kugawanya, bali ajue kwa nini hesabu inakubali. Kwa hiyo aanze na seti, aanze na mifumo ya namba, aanze na misingi.

Mwaka 1962 maprofesa hao walikuja Entebbe, Uganda, wakakaa na wenzao wa Uingereza na walimu kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanganyika ikiwamo. Wakaandika vitabu vilivyojulikana kama hesabu za Entebbe. Waingereza nao walikuwa wameanza mradi wao mwaka 1961, na baadaye ukatolewa mfano wake kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki. Angalieni mambo hayo, ndugu zangu. Warusi wanarusha chombo angani, Mmarekani anaogopa, na mtoto wa mkulima wa mkonge anabadilishiwa kitabu cha hesabu.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1968, nikakikuta kitabu hicho. Nilifaulu, kwa sababu nilikuwa na kumbukumbu nzuri. Mwaka 1976 nikawa mwalimu. Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Mwaka 1977 nilikuwa nafundisha seti. Nikaandika ubaoni seti tupu, ile isiyo na kitu ndani. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, seti isiyo na kitu ina kazi gani?" Swali zuri kabisa. Mimi sikujua jibu. Nilifundishwa niiandike, sikufundishwa ni ya nini. Nikaona ananiaibisha mbele ya darasa, nikamwita mbele nikamchapa viboko vitatu kwa utovu wa adabu. Tangu siku ile hakuuliza tena swali katika darasa langu, wala wenzake hawakuuliza. Leo nasema hivi: yule kijana hakuwa na kosa. Mtupu nilikuwa mimi.

Hivyo ndivyo mtaala unavyokufa. Unaandikwa na profesa anayeujua, unafikishwa kwa mwalimu asiyeujua, na anayechapwa ni mtoto. Huko huko Marekani mambo yaliharibika. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua seti lakini hawajui kujumlisha, na mwaka 1973 profesa Morris Kline akaandika kitabu kizima kuishutumu hesabu mpya. Kenya iliishi nayo hadi mwaka 1981, Rais Moi alipoamuru iondolewe. Hapa kwetu iliondoka bila kelele, kama mgeni aliyetoroka usiku. Lakini kaacha mzigo wake. Fungueni muhtasari wa hesabu wa mwaka 2005, kidato cha pili, mtazikuta seti zimekaa. Tumesahau nani alizileta.

Mabadiliko ya pili yalikuwa yetu wenyewe. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alisema shule za mkoloni zinamtenga kijana na jamii yake, na zinamwandaa kuwa karani. Alisema kweli. Katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: hii ya kilimo, hii ya ufundi, hii ya biashara, hii ya sayansi kimu. Waliopita shule za ufundi zilizokuwa na karakana kweli kweli, wengine wapo hapa, wanajua walichopata. Walipima, walikata chuma, na hesabu zao zilikuwa na mahali pa kwenda.

Lakini shule ngapi zilikuwa na karakana hizo? Mahali pengi mchepuo wa kilimo ulikuwa jembe na shamba la shule. Mwanafunzi alilima saa mbili akarudi darasani na malengelenge. Hakupima udongo, hakupima mvua, hakupiga hesabu ya mbolea. Wazo la Mwalimu lilikuwa sayansi ya kilimo, na lililofika shuleni likawa kilimo bila sayansi.

Tuje karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara iliamua kwamba fizikia na kemia ziwe somo moja. Masomo mengine nayo yakaunganishwa, mengine yakaondolewa. Mimi nilikuwa darasani. Siku moja nilikuwa mwalimu wa fizikia, siku ya pili naambiwa nifundishe na kemia ambayo niliiacha nikiwa kidato cha nne. Mwenzangu wa kemia naye alianza kuniuliza mambo ya umeme chumba cha walimu, milango ikiwa imefungwa, wanafunzi wasisikie. Waziri akabadilika baada ya uchaguzi wa mwaka 2005, na masomo yakatenganishwa tena. Sawa, kosa lilisahihishwa. Lakini wale waliosoma katikati, walioanza na somo moja, nani aliwaomba radhi? Mtoto hana miaka ya akiba. Kidato cha tatu anapita mara moja tu.

Mwaka huo huo wa 2005 ukaja mtaala mwingine, wa kumjengea mwanafunzi umahiri. Yaani tusiulize mtoto anajua nini, tuulize anaweza kufanya nini. Mtu mwenye akili atapinga hilo? Hapana. Lakini mtaala halisi, ndugu zangu, ni mtihani. Mwalimu hafundishi kilichoandikwa kwenye kitabu cha Wizara, anafundisha kitakachoulizwa Novemba. Mtihani ulibaki wa kukumbuka, na sisi tukaendelea kukaririsha.

Wakati huo huo zikajengwa shule za kata. Nawaomba tuwe waungwana. Tulio upande wa upinzani tumezicheka sana shule hizo, lakini zimefungua mlango kwa watoto, hasa wasichana, ambao zamani wangeishia la saba. Kosa halikuwa kuzijenga. Kosa lilikuwa kuziita sekondari kabla hazijapata mwalimu wa hesabu, kitabu na maabara. Walichukuliwa vijana waliotoka kidato cha sita jana, wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wakaitwa walimu. Watu wakawabandika jina la "voda fasta". Niliwapokea baadhi yao. Walikuwa vijana wenye moyo, na wengine leo ni walimu bora. Aibu ya jina lile si yao. Ni ya aliyewatupa kwenye kina kirefu kabla hawajajua kuogelea.

Kisha ukaja mwaka wa aibu. Mwishoni mwa Januari 2013 Ndugu James Mbatia alisimama Bungeni na hoja binafsi juu ya udhaifu wa elimu. Alitaka Serikali iuweke mezani mtaala wenyewe. Waheshimiwa wakabishana siku nzima kama mtaala upo au haupo, na hoja ikazimwa kwa wingi wa kura. Haikupita hata mwezi. Februari hiyo hiyo yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: watoto zaidi ya 240,000 wamepata daraja sifuri. Kura za Bunge zinaweza kuizima hoja. Karatasi ya mtihani haipigiwi kura.

Wakafanya nini? Mei 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Matokeo ya mwaka 2014 yakatolewa kwa mfumo mwingine wa wastani wa alama, madaraja ya zamani yakawekwa kando. Januari 2016 waziri mpya akaamuru turudi kwenye madaraja. Mgonjwa ana homa, nasi tunabadilisha kipimajoto.

Na homa bado ipo. Katika mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2020, 2021 na 2022, waliofaulu hesabu walikuwa takriban asilimia 20. Chukueni watoto watano waliokaa mstari wa mbele hapa. Mmoja asimame, wanne wabaki chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya nchi hii miaka hiyo.

Lipo jambo la lugha pia. Mtoto wetu wa shule ya msingi anajifunza kanieneo, anajifunza usanisinuru. Anajua kwa nini pampu ya baiskeli inapata moto, na anakueleza vizuri kabisa kwa Kiswahili. Akivuka tu kuingia kidato cha kwanza, maneno yote hayo anaambiwa ayasahau. Anaanza upya kwa Kiingereza, mbele ya mwalimu ambaye naye Kiingereza kinampiga chenga. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya Rais, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Miaka mingi imepita, mitaala imekuja na kwenda, na lugha ya kufundishia sekondari bado ni ile ile. Jambo moja lililofanyiwa utafiti na tume ndilo hawakuligusa, na yale ambayo hayakuulizwa ndiyo yaliyobadilishwa usiku mmoja.

Sijasema Kiingereza kifukuzwe. Kifundishwe, tena vizuri, kama somo. Lakini mtoto asiadhibiwe kwenye fizikia kwa kosa la sarufi.

Sasa nifike kwenye la leo. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na tarehe 1 Februari 2025 Rais Samia akazindua toleo la 2023 la sera ya elimu. Sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Elimu ya lazima ni miaka kumi, na shule ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza pamoja. Narudia kwa walio nyuma: madarasa mawili yataingia kwenye mlango mmoja.

Wazo la amali nalipenda. Ni lile lile la Mwalimu la 1967, limefuliwa na kupigwa pasi. Ndiyo maana naogopa. Naogopa lisije likafa kifo kile kile.

Tuwatazame na majirani. Kenya walianzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ukiwa na useremala, ushonaji na kilimo. Wazazi waligharamia vifaa hadi wakachoka, na masomo hayo yakapunguzwa. Sasa wamejenga mfumo mwingine, na ilipangwa kwamba katika sekondari ya juu hesabu iwe ya hiari. Wadau wakapiga kelele, na mwaka 2025 Serikali yao ikarudisha hesabu kuwa lazima kwa wote: moja nzito kwa wanaokwenda sayansi, nyingine ya matumizi kwa wengine. Somo ni nini hapo? Kelele za wazazi zinasikika, zikipigwa mapema.

Basi namjibu mzazi wangu. Ndugu yangu, mwanao hajakosa, na wa jirani hajapata. Usisome jina la mkondo, nenda ukaone. Kesho asubuhi panda baiskeli, nenda shule aliyopangiwa. Omba uonyeshwe karakana. Uliza maswali manne. La kwanza: vifaa vipo, au kipo kibao cha jina tu? La pili: mwalimu wa ufundi ni nani, na aliwahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake? La tatu: hesabu na sayansi watafundishwa vipindi vingapi kwa wiki, na nani? La nne: akimaliza akitaka kuendelea hadi chuo kikuu, mlango upo wazi au umefungwa? Ukipata majibu manne mazuri, mpeleke kwa furaha, mwambie baba yake amempatia bahati. Ukipata kibao cha jina, basi umepewa jembe la mwaka 1975 lililopakwa rangi.

Na wa jirani aulize maswali hayo hayo, badala ya karakana aseme maabara.

Hapo nageuka kwetu sisi. Hapa kwetu lipo boma la maabara. Mnalijua, watoto wanalichezea kombolela. Rais Kikwete aliagiza mwaka 2012 kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, mwisho Novemba 2014, kisha muda ukasogezwa hadi Juni 2015. Tulichangishwa. Wengine waliuza kuku, wengine walikamatiwa mbuzi. Kuta zikafika kwenye lenta, zikasimama. Miaka imepita, na mbuyu umeota ndani. Mwanafunzi wa kata hii anafanya mtihani wa kemia wakati chupa ya tindikali ameiona kwenye picha.

Nasikia Mwenyekiti ataleta hoja leo kwamba tuchange tena. Wapo wanaosema tusitoe hata senti mpaka tuelezwe zile za kwanza zilikwenda wapi. Mimi nasema tufanye yote mawili, tena kwa mpangilio. Kwanza tudai hesabu ya fedha za mwanzo, kwa maandishi, isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Hiyo ni haki yetu, si fadhila. Pili, tuteue watu watano, bila kuangalia kadi ya chama, wakamuulize mkurugenzi wa halmashauri amejipangaje kwa Januari 2028: madarasa mangapi, walimu wa hesabu wangapi, wa fizikia wangapi. Tatu, tuezeke boma. Kwa sababu ubishi wa fedha zilizoliwa unaweza kuchukua miaka mitano, na mtoto aliye kidato cha kwanza leo hawezi kutungoja.

Na viongozi wetu wa upinzani, ambao gazeti lenu litaandika haya, nao niwaambie. Kwenye kampeni mnahesabu mabati na madawati. Hamsemi ndani ya darasa kunafundishwa nini. Mkishika dola kesho, waziri wenu naye atataka mtaala wenye jina lake. Niahidini jambo moja dogo. Kabla hamjabadili kitu, kijaribuni kwenye shule chache, mpime, mchapishe matokeo hata kama ni mabaya. Waandaeni walimu kwanza, vitabu vya pili, mtihani wa tatu, halafu ndipo mpige tarumbeta. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya mtaala ni mwalimu.

Namalizia na yule kijana wa seti tupu. Nilikutana naye miaka mingi baadaye kituo cha mabasi. Ni fundi wa redio, mzuri sana. Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema alishasahau viboko, lakini swali hajalisahau, na bado hajapata jibu. Nikamjibu palepale tumesimama, miaka zaidi ya thelathini baada ya kuuliza. Nikamwambia: seti tupu ni kama sifuri. Inakuambia kwamba umetafuta kila mahali, na kitu unachokitafuta hakipo. Bila alama ya kusema "hakipo", huwezi kujua unapungukiwa nini.

Ndugu Mwenyekiti, maabara yetu ni seti tupu. Tuseme hivyo bila aibu, kisha tuanze kuijaza.